Maneno Yanayokata Maini
Faraja ya moyo kwa wanaoishi na ugonjwa mkubwa wa ini: tafakuri kutoka Kyimo, wilayani Rungwe

Kiswahili kina usemi kuhusu maneno makali: husemwa kwamba maneno hayo yanakata maini. Wazee walioutumia usemi huu hawakuwa na kipimo cha damu wala mashine ya kupiga picha ya tumbo, lakini walijua kwamba huzuni haikai kichwani peke yake. Ina makazi yake ndani ya mwili. Kwa mtu anayeishi na ugonjwa mkubwa wa ini, usemi huo huacha kuwa fumbo. Ini lake lina makovu tayari, na kila siku hukutana na neno, jicho la pembeni au ukimya unaomkata kwa namna ambayo hakuna kipimo kinachoweza kuionyesha.

Kata ya Kyimo iko kando ya barabara kuu itokayo Uyole, ikapita Tukuyu na kushuka hadi Kasumulu, mpakani mwa Malawi. Ni nchi ya mvua nyingi na ardhi nyeusi yenye rutuba, ambako migomba huzunguka nyumba, na viazi, maharage na chai hustawi chini ya Mlima Rungwe. Fikiria mkulima wa ndizi wa eneo hilo, mwenye umri wa miaka 46. Miguu yake ilianza kuvimba wakati wa palizi. Baada ya miezi michache tumbo nalo likajaa, huku mikono na mashavu yakizidi kukonda. Baadhi ya majirani walisema ni pombe. Wengine walinong'ona kwamba ametupiwa kitu. Kutoka zahanati alipelekwa hospitali ya wilaya Tukuyu, na kutoka huko akapewa rufaa ya kwenda Mbeya, mwendo wa yapata kilomita 70. Huko akaambiwa kwamba ana kirusi cha homa ya ini aina ya B, na kwamba ini lake limesinyaa.

Alirudi nyumbani na vidonge, maelekezo ya kupunguza chumvi, onyo la kutogusa pombe na tarehe ya kurudi kliniki. Yote hayo yalikuwa sahihi na ya lazima. Lakini katika safari yote hiyo, hakuna aliyemwuliza swali moja jepesi: usiku analalaje? Mkulima huyu ni wa mfano, hana jina. Hata hivyo, mhudumu yeyote aliyekaa mwaka mmoja katika wodi ya magonjwa ya ndani amekwisha kumwona.

Mzigo usioandikwa kwenye cheti

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini aina ya B, na kwamba kirusi hicho kilisababisha vifo milioni 1.1 mwaka huo. Wengi huambukizwa utotoni, bila kujua. Kirusi hukaa kimya miaka ishirini, thelathini au zaidi, kikilijeruhi ini polepole. Nchini Tanzania chanjo dhidi yake iliingizwa katika ratiba ya watoto mwaka 2002. Kwa hiyo watu wazima wengi wa leo walizaliwa kabla chanjo hiyo haijawafikia. Ndiyo maana habari ya ugonjwa huja kama mgeni asiyebisha hodi: mtu aliyejihesabu mzima hadi mwezi uliopita huambiwa kwamba ini lake limekuwa likiharibika kwa nusu ya umri wake.

Mshtuko huo ni mzigo wa kwanza. Wa pili ni aibu. Katika fikira za wengi, ini bovu ni malipo ya ulevi. Kweli, pombe huliharibu ini, na mtu ambaye ini lake limeumizwa na pombe anahitaji msaada, si hukumu. Lakini homa ya ini aina ya B na ya C, kichocho cha tumbo, mafuta kuzidi kwenye ini na baadhi ya magonjwa ya kurithi huleta makovu yale yale kwa mtu ambaye hajawahi kuonja pombe. Mama aliyegunduliwa na kirusi alipokwenda kliniki ya wajawazito hutazamwa kana kwamba ameleta fedheha nyumbani, ilhali huenda aliambukizwa siku ile ile alipozaliwa.

Mzigo wa tatu unatoka katika mwili wenyewe. Ugonjwa wa ini huchosha kwa uchovu usiotulizwa na usingizi. Ngozi huwasha usiku. Tumbo lililojaa maji humnyima mtu pumzi anapolala, na shibe humjia baada ya matonge matatu. Mwanamume aliyezoea kubeba mkungu wa ndizi begani hadi barabarani huketi kibarazani akiwatazama wanawe wakiubeba. Hapo ndipo watu husema, “Ana mawazo.” Neno hilo la kawaida lina uzito wa kitabibu. Mtu mwenye mawazo yasiyokoma huacha kula, hukosa tarehe za kliniki, na mara nyingine huacha dawa. Na dawa za homa ya ini aina ya B, kama vile tenofoviri, hazipaswi kuachwa ghafla bila ushauri, kwa sababu kirusi kinaweza kuamka kwa nguvu na kuliangusha ini lililokwisha dhoofika. Kwa hiyo faraja si pambo la tiba. Kwa mgonjwa huyu, ndiyo inayomfanya ameze kidonge cha kesho.

Si kila badiliko ni huzuni

Kabla ya kuzungumzia faraja, kuna tahadhari moja ambayo kila familia yenye mgonjwa wa ini inapaswa kuijua. Ini lililochoka hushindwa kusafisha sumu zitokazo tumboni, ikiwamo amonia, na sumu hizo zinapofika kwenye ubongo hubadili tabia ya mtu. Dalili za mwanzo ni rahisi kupuuzwa: mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, husahau mambo madogo, hukasirika bila sababu, au huandika jina lake kwa mwandiko usiosomeka. Baadaye mikono hupigapiga anapoinyoosha mbele, maneno huchanganyika, na mwisho anaweza kuzama katika usingizi asioweza kuamshwa.

Hali hii si wazimu, si kiburi, wala si ishara kwamba mgonjwa amewachukia walio wake. Mke aliyetukanwa usiku na mumewe mpole anapaswa kujua kwamba huenda aliyetukana si moyo wa mumewe bali ni ini lake. Huu ni wakati wa kwenda hospitali bila kuchelewa, si wakati wa ushauri wala wa kumtafuta mganga. Mara nyingi huwa kuna kichocheo kinachoweza kutibiwa: choo kigumu, maambukizi, damu inayovuja tumboni, au dawa ya usingizi aliyopewa ili “apumzike”. Diazepamu na dawa za jamii yake ni hatari kwa mgonjwa mwenye ini lililosinyaa. Dawa ya laktulosi, inayomwezesha kupata choo laini mara mbili au tatu kwa siku, humrudisha mgonjwa wengi waliyedhani wamekwisha mpoteza. Vivyo hivyo, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami ni dharura.

Ukwangala: hazina ya nyumbani

Rungwe ina neno ambalo wataalamu wa afya ya akili wa mbali wangelitamani. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika kuhusu ukwangala: raha ya kukaa pamoja na wenzako, kula, kunywa na kuzungumza, na katika mazungumzo hayo kupata hekima na adabu. Monica Wilson aliliona jambo hili kuwa muhimu kiasi kwamba kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya marika vya Wanyakyusa alikipa jina lenye maana ya usuhuba mwema. Zamani vijana wa rika moja walijenga vibanda vyao pamoja na kuzeeka wakiwa majirani. Vijiji vya namna hiyo havipo tena, lakini thamani iliyovijenga haijafa. Mtu asiyeketi na wenzake bado huonekana kuwa amepungukiwa.

Hapa ndipo ushauri wa daktari unapogongana na maisha. “Acha pombe kabisa” ni agizo sahihi kwa kila mwenye makovu ya ini, hata kama si pombe iliyoleta ugonjwa. Lakini katika vijiji vingi, mazungumzo ya jioni huzunguka chungu cha kimpumu. Anayeambiwa aache kunywa husikia kwamba aache kuketi na wenzake. Hubaki na njia mbili: arudi kwenye pombe ili asipoteze watu, au apoteze watu ili aokoe ini. Wengi wanaorudia pombe hawashindwi na kiu. Wanashindwa na upweke.

Kwa hiyo agizo la kuacha pombe halijakamilika mpaka liambatane na swali: utaketi wapi jioni, na nani? Rafiki wawili wakikubali kumtembelea mgonjwa saa kumi na moja jioni, wakanywa naye chai au togwa isiyochacha, wamefanya kazi ambayo hakuna kidonge kinachoifanya. Hawahitaji maneno makubwa. Wazungumzie bei ya ndizi, mvua, mpira na watoto. Mgonjwa anahitaji kukumbushwa kwamba bado ni mtu mwenye maoni kuhusu dunia, si tumbo lililovimba tu.

Katika maandishi ya Monica Wilson kuna jambo jingine la kuzingatia. Katika mila za ukoo, hasira iliyofichwa moyoni ilipaswa kusemwa wazi mbele ya jamaa ili maridhiano yawe ya kweli. Wazee walijua kwamba kinyongo kisichosemwa hula kutoka ndani. Familia ya leo, iwe ya kanisani au la, inaweza kuirithi hekima hiyo bila kurithi tuhuma za uchawi: wakae pamoja, mgonjwa aseme hofu yake, mke aseme uchovu wake, watoto waulize wanachoogopa.

Sinia moja

Mara nyingi kinachomuumiza zaidi mgonjwa wa homa ya ini aina ya B ni kikombe chake kutengwa. Hatangaziwi, huona tu kwamba sahani yake imewekwa pembeni na kwamba wajukuu hawaruhusiwi kumkalia magotini. Kutengwa huko hakumkingi mtu yeyote. Kirusi hiki huenea kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, hasa wakati wa kuzaliwa. Hakienei kwa kula sinia moja, kushikana mikono, kukumbatiana, kukohoa wala kulala nyumba moja. Vitu vya kutochangia ni wembe, mswaki, mkasi wa kucha na chochote kinachoweza kuwa na damu. Mwenzi na watoto wapimwe; ambao hawajaambukizwa wapate chanjo. Hiyo ndiyo kinga. Kikombe cha pembeni ni adhabu tu.

Chakula nacho kinaweza kuleta upweke. Mgonjwa mwenye maji tumboni huelekezwa kupunguza chumvi, na mara nyingi hupikiwa chungu chake peke yake. Ni afadhali nyumba nzima ipike ndizi na maharage kwa chumvi kidogo, na anayetaka zaidi ajiongezee sahanini. Mgonjwa asinyimwe maharage, maziwa, samaki wala mayai kwa kudhani kwamba ini halivitaki. Mwili unaokonda unavihitaji, na kula kidogo kabla ya kulala humsaidia kuvuka usiku.

Anayeshika taa

Nyuma ya mgonjwa karibu kila mara kuna mtu wa pili: mke, binti, dada au mama mzazi. Ndiye anayeamka usiku, anayefua shuka, anayehesabu nauli ya Mbeya na kuuza mkungu kabla haujakomaa ili ipatikane. Watu wakija kusalimia humwuliza, “Mgonjwa anaendeleaje?” Yeye haulizwi kitu. Akilia, hulia shambani.

Mhudumu wa afya anayemwona mtu huyu amwite kwa jina la heshima analotumia nyumbani, amketishe, na amwulize habari zake mwenyewe. Jamaa wapangiane zamu, hata kama ni usiku mmoja kwa juma. Vikundi vya akina mama makanisani na vikundi vya kuweka na kukopa vimekwisha zoea kuchangiana wakati wa msiba. Vinaweza kujifunza kuchangiana kabla ya msiba, wakati mchango bado unaweza kumfikisha mtu kliniki.

Njia iliyokwisha kanyagwa

Wagonjwa wa ini hawahitaji kuanza upya. Afrika Mashariki imekwisha jifunza, kwa gharama kubwa, namna watu wenye ugonjwa wa aibu wanavyoweza kushikana mikono. Mwaka 1987 nchini Uganda, Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa UKIMWI, aliungana na wenzake kuanzisha shirika la TASO, wakati ambapo dawa za kufubaza virusi hazikuwapo. Walichokuwa nacho ni masikio ya kusikilizana. Mwaka 1989 Dar es Salaam ikapata WAMATA kwa moyo huo huo. Dawa zilipofika miaka mingi baadaye, zilikuta watu waliozoea kushauriana na kukumbushana, na leo kliniki za Tanzania zina washauri rika wanaoishi na virusi vya UKIMWI wao wenyewe.

Zimbabwe nayo ina somo. Kuanzia mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafunza bibi wa mitaani mjini Harare kuketi kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza na watu waliolemewa na mawazo. Bibi hao hawakuwa na shahada. Walisikiliza, wakamsaidia mtu kuchagua tatizo moja, kisha wakapanga naye hatua moja ya kulikabili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache za sonona kuliko wale waliopata huduma ya kawaida.

Benchi halina gharama kubwa. Siku ya kliniki, wagonjwa wa ini husubiri saa nyingi wakiwa wameketi bega kwa bega bila kujuana. Muuguzi mmoja akiwaomba ridhaa na kuwakutanisha watatu au wanne kwa nusu saa, kikundi kimezaliwa. Aliyekwisha tolewa maji tumboni mara tano anaweza kumweleza anayeogopa mara ya kwanza mambo ambayo daktari hawezi kuyaeleza.

Swali na subira

Mazungumzo ya faraja hayahitaji chumba maalumu, ila yanahitaji faragha na subira. Muuguzi anaweza kuanza hivi:

“Shikamoo, baba.”
“Marahaba, mwanangu.”
“Dawa nimeona unameza vizuri. Na usiku, baba, unalalaje?”
“Nalala. Ila usingizi ndio hauji.”
“Ukiwa macho hivyo, unawaza nini?”

Kisha anyamaze. Jibu la kweli mara nyingi huja baada ya kimya. Asikimbilie kusema, “Usijali, utapona,” kwa sababu mgonjwa anajua kwamba hilo halijulikani. Ukweli wenye upole una faraja zaidi: kwamba dawa haziondoi kirusi kwa wagonjwa wengi lakini hukizuia kuzaliana, kwamba kwa baadhi ya watu ini hupata nafuu hata baada ya kuwa na makovu, na kwamba hata pale ini lisipopata nafuu, maumivu, maji na mwasho vinaweza kutulizwa, na mgonjwa hataachwa.

Mgonjwa ambaye kwa majuma mawili au zaidi hana furaha na chochote, au amekata tamaa, aonwe na mtaalamu wa afya ya akili. Akisema kwamba ni heri afe, aulizwe wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, bali humpa nafasi ya kuutua mzigo. Asiachwe peke yake, na apelekwe kwenye huduma siku hiyo hiyo. Dawa za sonona zipo na zinaweza kutumika, lakini uchaguzi na kipimo chake vizingatie hali ya ini. Maumivu yasitulizwe kwa diklofenaki wala ibuprofeni. Parasetamoli, isiyozidi gramu 2 kwa siku, ni salama zaidi, kwa ushauri wa mtoa huduma. Na dawa za mitishamba zizungumzwe bila kejeli, kwa sababu mgonjwa anayechekwa huendelea kuzitumia kwa siri.

Mwisho wa yote, Kyimo yenyewe imebeba swali linalohitajika. Salamu ya asubuhi ya Wanyakyusa ni “Ugonile”, na asili yake ni kuulizana namna mtu alivyolala. Husemwa mara nyingi sana barabarani hata jibu lake huwa limekwisha tolewa kabla halijafikiriwa. Mkulima yule wa ndizi huisikia kila siku anapoketi kibarazani, na kila siku hujibu kwamba amelala vyema. Siku jirani mmoja atakaposimama baada ya salamu, akavuta kigoda na kuuliza tena, akimaanisha alichouliza, huenda akapata jibu jingine. Tiba ya Mbeya itaendelea mwezi ujao kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Tiba hii nyingine inaweza kuanza asubuhi ya kesho.